Istilahi za Uchumi wa Kijani na Mwenye Biashara Ndogo

Utangulizi

Makala haya yanakusudia kuchunguza baadhi ya istilahi zinazotumika katika maandishi ya kuwasaidia wenye biashara ndogo nchini Tanzania, wakati huu ambapo taifa linajitahidi kukuza uchumi bila kumaliza misitu, ardhi na maji. Maandishi hayo ni mengi na yanazidi kuongezeka: sera, mikakati, kanuni, fomu za mikopo, vijitabu vya mafunzo na matangazo. Aghalabu huandikwa kwanza kwa Kiingereza, kisha hupelekwa kwa mfasiri ambaye hupewa siku chache tu za kuyamaliza. Matokeo yake ni kwamba dhana moja hupata majina matatu, na jina moja hubebeshwa dhana tatu.

Huenda msomaji akauliza kuna ubaya gani, maadamu wahusika wataelewana mbele ya safari. Nitajibu kwa kisa kilichonipata mimi mwenyewe.

Miaka michache iliyopita niliombwa kufasiri fomu ya mkopo kwa ajili ya vikundi vinavyotengeneza mkaa mbadala, yaani ule unaoshindiliwa kutokana na vumbi la mkaa, vifuu vya nazi na mabaki mengine ya mimea. Mahali ambapo mwombaji alitakiwa kuonyesha mali itakayochukuliwa endapo atashindwa kulipa, niliandika: "Mwombaji aje na dhamana." Niliona kazi imekwisha. Baadaye nilifuatana na maofisa waliokwenda kupokea maombi katika kijiji kimoja cha Mkoa wa Pwani. Tulikuta kikundi cha akina mama wamekuja na mwenyekiti wa kitongoji chao, mzee aliyevaa kanzu safi, tayari kuwadhamini. Karatasi za mashine yao ya kushindilia mkaa, ambazo ndizo zilizotakiwa, walikuwa wameziacha nyumbani. Siku ile ndiyo iliyokuwa ya mwisho ya kupokea maombi. Fedha walizoziomba zilikuwa za kujenga banda la kuanikia mkaa. Masika yakawakuta hawana banda.

Nilimwendea kiongozi wao, mama wa makamo, nikamwamkia na kumweleza kwamba neno lile niliandika mimi. Akaniambia kwa upole: "Mwanangu, dhamana ni mtu. Kitu ni rehani. Mngeandika rehani tungeleta karatasi za mashine." Sikuwa na la kujibu, kwa kuwa alisema kweli. Neno lilikuwapo katika lugha tangu zamani, ila mfasiri hakuuliza.

Hoja ya makala haya inatokana na kisa hicho. Katika uwanja huu istilahi si jina tu la dhana; ni mlango ambao mtu hupita au hufungiwa nje. Kwa hiyo haitoshi istilahi ikubalike kwa wataalamu na ipendeze katika kamusi. Yapasa imwezeshe yule aliyekusudiwa kujua anapewa nini, anadaiwa nini na anatakiwa afanye nini.

Kijani ni rangi gani?

Neno "kijani" halina utata wa asili. Ni "jani" lililopewa kiambishi ki-, kama vile "kijivu" kilivyotokana na "jivu". Utata umo katika matumizi yake. Mwanzo ni sifa ya rangi. Sasa limefanywa sifa ya uchumi, biashara, ajira na hata mikopo. Mtu asiyeelezwa, akisikia "biashara ya kijani", atafikiri juu ya mchicha na miche ya miti. Fundi anayetengeneza majiko ya udongo na bati hatadhani kwamba anahusika, wala kijana anayekusanya chupa za plastiki ili zirejelezwe hatadhani hivyo, ingawa wote wawili wamo ndani ya dhana yenyewe.

Kuna jambo jingine ambalo wafasiri wengi hulisahau. Kabla ya "uchumi wa kijani" kulikuwa na "Mapinduzi ya Kijani". Hilo ndilo jina walilopewa wanafunzi wa Kiswahili kwa mabadiliko ya kilimo yaliyoenea Asia na Amerika ya Kilatini, hasa katika miaka ya 1960, kwa kutumia mbegu za ngano na mpunga zenye kuzaa sana, mbolea za viwandani, dawa za kuua wadudu na umwagiliaji. Norman Borlaug, mtaalamu aliyehusika sana na mbegu za ngano, alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 1970. Basi mkulima aliyefundishwa kwamba kijani ni kuongeza mbolea ya viwandani, leo anaambiwa kwamba kijani ni kuitumia kwa kadiri na kurudisha samadi na mboji shambani. Rangi ni moja, mafundisho mawili yanavutana. Mwalimu anayefundisha dhana hizi hana budi kuzitenganisha waziwazi.

Tatizo la rangi halikuishia kwenye kijani. Zanzibar iliunda Wizara ya Uchumi wa Buluu na Uvuvi mwaka 2020, na huko Kenya wengine husema "uchumi wa samawati". Katika fukwe za Paje na Jambiani, ambako kilimo cha mwani cha biashara kilianza mwaka 1989, wakulima wengi wa mwani ni wanawake, na wao husema "bahari" na "mwani" bila kutaja rangi. Simaanishi kwamba majina haya ya rangi yafutwe. Yamekwisha kuingia katika majina ya wizara na sera, na kuyang'oa sasa ni kuongeza mchafuko. Ninachopendekeza ni kwamba yabaki katika vichwa vya habari, na kila yanapotumika ndani ya fomu au kanuni, yafuatwe na maelezo ya shughuli zinazohusika.

Neno jingine linaloambatana na kijani ni "mpito". Maandishi husema "mpito kuelekea uchumi wa kijani". Neno hili limetokana na kitenzi "pita", nasi tumelizoea katika "serikali ya mpito" na "kipindi cha mpito". Linafaa, kwa sababu linaonyesha hali isiyokusudiwa kudumu. Lakini neno lenye maana ya muda ladai kutajwa muda. Tarehe 9 Aprili 2019 Waziri Mkuu alitangaza Bungeni kwamba mifuko ya plastiki ingepigwa marufuku, na marufuku yakaanza tarehe 1 Juni mwaka huohuo. Siku zilizokuwa katikati hazikutimia 60. Faida ya marufuku yale kwa mifereji, mifugo na bahari haina haja ya kubishaniwa hapa. Kwa upande wa lugha, mwenye duka aliyekuwa na shehena ya mifuko hakuhitaji kuelezwa maana ya mpito; alihitaji tarehe.

Nani aitwe mdogo?

Katika maandishi yetu twakuta "mfanyabiashara mdogo", "mfanyabiashara ndogondogo", "mjasiriamali mdogo", "mmachinga", na, kwa jirani zetu wa Kenya, "mtu wa jua kali". Tuyatazame kwa utaratibu.

"Mfanyabiashara mdogo" lina kasoro ya kisarufi ambayo si ya kupuuzwa. Kivumishi kimepatanishwa na mtu badala ya biashara yake. Kwa mantiki ya sarufi, mfanyabiashara mdogo ni mtoto au mtu mfupi. Walioiona kasoro hiyo wakasema "wafanyabiashara ndogondogo", wakirudisha upatanisho kwenye biashara. Hata hivyo, urudufishaji katika Kiswahili huleta maana ya vitu vingi vilivyotawanyika, kama "mawe madogomadogo", na mara nyingi huleta pia dharau kidogo. Hausemi ukubwa wa kila kimoja. "Mwenye biashara ndogo" linakwepa makosa yote mawili: mtu anabaki na heshima yake, na udogo unabaki kwenye biashara.

"Mjasiriamali" ni neno lililoundwa vizuri. Ni mtu anayejasiria mali, yaani anayethubutu kuiweka mali yake katika hatari ili aizidishe. Tatizo ni kwamba sasa kila anayeuza chochote anaitwa hivyo, hata yule ambaye hakuthubutu lolote ila alisukumwa na njaa. Neno la sifa haliwezi kuwa kipimo. Vilevile "biashara ndogo" isichanganywe na "biashara changa". Biashara changa ni ile iliyoanza karibuni. Yaweza kuwa kubwa. Mama muuza maandazi mwenye miaka 20 katika kazi yake ana biashara ndogo, lakini hana biashara changa.

Kipimo chenyewe hakina budi kutoka katika sera au sheria. Sera ya Maendeleo ya Viwanda Vidogo na Biashara Ndogo ya mwaka 2003 iligawa shughuli hizi kwa idadi ya wafanyakazi na mtaji uliowekwa katika mitambo. Shughuli yenye wafanyakazi 1 hadi 4 na mtaji usiozidi shilingi milioni 5 iliwekwa katika kundi la chini kabisa. Yenye wafanyakazi 5 hadi 49, na mtaji unaozidi shilingi milioni 5 hadi milioni 200, iliitwa ndogo. Yenye wafanyakazi 50 hadi 99, na mtaji unaozidi milioni 200 hadi milioni 800, iliitwa ya kati. Mwezi Desemba 2018, vitambulisho vya wajasiriamali wadogo vilipoanza kutolewa kwa shilingi 20,000 kila kimoja, kipimo kilikuwa kingine: mauzo yasiyozidi shilingi milioni 4 kwa mwaka.

Hapa ndipo mfasiri anapoweza kumnyima mtu haki yake bila kujua. Kundi la chini kabisa katika sera ile huandikwa mara "biashara ndogo sana", mara "biashara ndogondogo", na mara nyingine huunganishwa na kundi la pili kwa jina moja la "biashara ndogo". Tuseme fedha zimetengwa kwa ajili ya kundi la chini tu, na tangazo likasema "biashara ndogo". Mwenye wafanyakazi 40 atakuja kwa haki kabisa, na mwenye wafanyakazi wawili atamkuta mbele yake kwenye mstari. Napendekeza "biashara ndogo sana" litumike kwa kundi la kwanza bila kubadilishwa, na kila tangazo litaje kipimo linachokifuata. Tarakimu zisitiwe ndani ya istilahi, kwa maana shilingi hubadilika thamani. Zikae katika fasili.

Kuhudumia, kuwezesha, kurasimisha

Historia ya kuwasaidia watu hawa yaweza kusomwa katika vitenzi vilivyochaguliwa kuunda majina ya vyombo vyao. Mwaka 1973 liliundwa Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, maarufu kwa kifupisho chake SIDO. Kitenzi kilichotumika ni "kuhudumia": mwenye kiwanda yupo, ana kazi yake, na shirika linamletea mafunzo, mitambo na mahali pa kufanyia kazi. Mwaka 2004 ilitolewa Sera ya Taifa ya Uwezeshaji Wananchi Kiuchumi. Kitenzi kikawa "kuwezesha", chenye kiambishi cha kusababisha: mwananchi hawezi mpaka awezeshwe. Mwaka huohuo ukaanza Mpango wa Kurasimisha Rasilimali na Biashara za Wanyonge Tanzania, yaani MKURABITA. Hapa kitenzi ni "kurasimisha": mwananchi ana mali na anaweza, ila mali yake haina hati inayotambuliwa.

Vitenzi hivi vitatu si visawe, navyo havistahili kubadilishwa kimoja kwa kingine ili kupamba sentensi. Kikundi cha mkaa mbadala nilichokitaja hakikuhitaji kurasimishwa, kwani kilikuwa kimesajiliwa. Wala hakikuhitaji kuwezeshwa kwa maana ya kufundishwa kazi. Kilihitaji banda. Mfasiri anapokuta neno la jumla la kusaidia, ajiulize ni msaada wa namna gani unaotajwa, kisha achague kitenzi.

Jambo hili lina uzito zaidi linapofika kwenye fedha. Tuna maneno manne: mkopo, ruzuku, msaada na mtaji. Mkopo hurudishwa. Ruzuku hairudishwi, lakini hutolewa kwa kazi maalumu na matumizi yake hutolewa hesabu. Msaada ni neno la jumla lisilosema lolote juu ya kurudisha. Mtaji ni fedha au mali inayoingizwa katika biashara, vyovyote ilivyopatikana. Inafaa kukumbuka kwamba "ruzuku" ni ndugu wa "riziki". Yote yametoka katika shina moja la Kiarabu, na Mungu ndiye husemwa kuwa huwaruzuku waja wake. Neno lenye nasaba hiyo humfanya msikilizaji afikiri juu ya kitu kisichoulizwa. Kwa hiyo katika fomu isiandikwe "ruzuku" peke yake. Iandikwe ni ya kazi gani, na hesabu yake itatolewa lini.

Mfano mzuri ni fedha zinazotolewa na halmashauri. Mwaka 2018 sheria ya fedha za serikali za mitaa ilirekebishwa ili kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa vikundi vya wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Utoaji wake ulisimamishwa mwaka 2023 ili utaratibu urekebishwe, ukaanza tena mwaka 2024. Midomoni mwa watu, na hata katika hotuba, fedha hizi huitwa "fedha za asilimia kumi". Jina hilo linasema fedha zilikotoka, halisemi ni za nini wala kwamba ni mkopo. Mtu mmoja aweza kudhani ni sadaka ya halmashauri, na mwingine akadhani asilimia kumi ndiyo riba. Wote wawili watakuwa wamekosea, na kosa si lao. "Mkopo wa halmashauri usio na riba" ni jina refu zaidi, lakini kila neno ndani yake lina kazi.

Nimepata kuona pia "kipindi cha neema" katika mikataba, kikimaanisha miezi ya mwanzo ambayo mkopaji hajaanza kulipa. Neema ni kutoa pasipo kudai, ilhali katika baadhi ya mikopo riba huendelea kuhesabiwa katika miezi hiyo. "Muda wa kusubiri marejesho" hauna utamu, lakini haudanganyi.

Tunarudi sasa kwenye dhamana. Katika Kiswahili dhamana ni ahadi ya mtu kubeba wajibu wa mwingine. Ndiyo maana mshitakiwa hutoka kwa dhamana na anayemtoa huitwa mdhamini. Rehani ni mali inayofungwa kwa ajili ya deni. Mabenki yamelitumia neno "dhamana" kwa maana zote mbili, na matumizi hayo yameenea kiasi kwamba kuyaondoa katika lugha ya jumla si kazi rahisi. Lakini katika fomu inayomlenga mwananchi hakuna sababu ya kuacha neno "rehani" ambalo tayari analijua. Panapotakiwa vyote viwili, viandikwe vyote viwili: mdhamini na rehani.

Mbadala, safi, jadidifu, banifu

Mwezi Mei 2024 ulizinduliwa Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia wa mwaka 2024 hadi 2034, wenye lengo la kuwafikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati hiyo ifikapo mwaka 2034. Katika nchi ambayo nyumba nyingi hupikia kuni na mkaa, lengo hilo linagusa mafundi na wauzaji wengi. Baadhi yao watapata soko jipya, na wengine watalikosa la zamani. Kwa hiyo inawapasa wajue ni neno lipi linalowahusu.

Sifa nne huchanganywa. "Mbadala" ni kile kinachoshika nafasi ya kingine. Neno hili haliwezi kusimama peke yake; lazima tujue ni mbadala wa nini. "Jadidifu" ni ile nishati inayojirudia isiishe, kama jua, upepo na maji. "Safi", katika habari za kupikia, hupimwa kwa moshi na hewa ya sumu inayoingia ndani ya nyumba. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa vipimo vyake mwaka 2014. "Banifu" si sifa ya nishati bali ni ya chombo, nayo ina maana kwamba chombo hicho kinabana matumizi ya nishati.

Tukizipima nishati za jikoni kwa sifa hizi, tutaona kwa nini hazifai kubadilishwa ovyo. Gesi ya mitungi ni safi na ni mbadala wa mkaa, lakini si jadidifu, kwa kuwa hutoka katika mafuta na gesi ya ardhini. Kuni zaweza kuwa jadidifu ikiwa miti hupandwa kwa kadiri inavyokatwa, lakini moshi wake si safi. Mkaa mbadala huokoa miti, bali ukishindiliwa kwa mabaki ambayo hayakuchomwa vizuri, au ukiuzwa kabla haujakauka, hufuka moshi. Jiko banifu la mkaa hupunguza mkaa unaotumika kwa sababu ya kuta zake za udongo zinazotunza joto, lakini halibadili mkaa kuwa nishati nyingine. Fundi wa majiko hayo akiona tangazo la "mikopo ya nishati safi", ana haki ya kuelezwa kama jiko lake limo au halimo. Tangazo lisiloeleza humpotezea nauli.

Kwa upande wa uundaji, maneno haya yanastahili sifa. "Banifu" limetokana na "bana" kwa kiambishi -ifu, kama "haribifu" lilivyotokana na "haribu". "Endelevu" limetokana na "endelea", kama "legevu" na "potevu" yalivyotokana na "legea" na "potea". "Jadidifu" limefuata njia hiyohiyo kutoka katika "jadidi", yaani kufanya upya. Mwalimu akiyaonyesha hivyo darasani, wanafunzi wataona kwamba lugha ina karakana yake yenyewe.

Mfano wa mwisho unatoka katika kanuni za mwaka 2019 za kupiga marufuku mifuko ya plastiki. Kanuni hizo zilitenganisha mfuko wa kubebea bidhaa na plastiki ya kufungashia bidhaa kutoka kiwandani. Cha kwanza tukiite "kibebeo", cha pili "kifungashio". Vyote vimeundwa kwa utaratibu mmoja, kutokana na "beba" na "fungasha". Baada ya marufuku, vifungashio vikaanza kutumika sokoni kama vibebeo, mpaka mwaka 2021 Serikali ikalazimika kuukataza mtindo huo. Muuza nyanya aliyefunga nyanya zake katika kifuko chembamba alidhani anafungasha, kumbe kwa maana ya kanuni alikuwa anatoa kibebeo. Aliyekutwa na mfuko uliokatazwa aliweza kutozwa faini isiyopungua shilingi 30,000, ambayo kwa muuza nyanya si fedha kidogo. Tofauti ya maneno mawili ilikuwa tofauti ya mtaji wake wa siku kadhaa.

Mapendekezo

Kutokana na mifano hiyo, napendekeza kanuni nne kwa wafasiri na watumishi wanaoandaa maandishi ya aina hii.

Kwanza, istilahi ya fedha ionyeshe nani anatoa, nani anapokea, na kama kinachotolewa kitarudishwa. Pili, ndani ya andiko moja dhana moja ipewe neno moja, hata kama mwandishi anaona marudio hayapendezi. Tatu, kabla ya kuunda neno jipya au kukopa, mfasiri awaulize wanaofanya kazi yenyewe. Utaratibu wetu wa kuanza kutafuta katika Kiswahili na lahaja zake, kisha katika lugha nyingine za Kibantu, una maana tu ikiwa utafutaji huo unafika karakana, gulioni na pwani, usiishie katika rafu za kamusi. Nne, andiko lisomwe mbele ya watu watatu au wanne wa aina ya waliokusudiwa kabla halijachapishwa, nao waulizwe watakuja na nini siku ya kuomba. Majibu yao ndiyo mtihani wa istilahi.

Istilahi zifuatazo zinatolewa kwa ajili ya majadiliano. Ni mapendekezo ya mwandishi, hazijapitishwa kuwa sanifu.

Uchumi wa kijani: mfumo wa kuzalisha mali na kipato unaohifadhi misitu, ardhi, maji na hewa.

Mwenye biashara ndogo: mtu anayeendesha biashara iliyo katika kipimo cha biashara ndogo kilichotajwa na sera au sheria inayohusika.

Biashara ndogo sana: biashara iliyo chini ya kipimo cha biashara ndogo.

Biashara changa: biashara iliyoanza karibuni, bila kujali ukubwa wake.

Ruzuku: fedha isiyorudishwa, inayotolewa kwa kazi maalumu na kutolewa hesabu.

Rehani: mali inayofungwa kwa ajili ya deni.

Dhamana: ahadi ya mtu kulipa deni la mwingine endapo huyo atashindwa.

Muda wa kusubiri marejesho: muda ambao mkopaji hajaanza kulipa mkopo, itajwe kama riba huhesabiwa au haihesabiwi.

Nishati jadidifu: nishati inayojirudia isiishe.

Jiko banifu: jiko linalotumia kuni au mkaa kidogo kuliko jiko la kawaida kwa mapishi yaleyale.

Urejelezaji: kugeuza kitu kilichokwisha kutumika kiwe malighafi ya kitu kipya. Usichanganywe na kutumia tena, ambako kitu hubaki kilivyo.

Kibebeo: mfuko wa kubebea bidhaa baada ya kununuliwa.

Kifungashio: kitu kinachofunika bidhaa tangu inapotengenezwa.

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba istilahi za uwanja huu haziwezi kupimwa kwa usahihi wa tafsiri peke yake. Neno laweza kulingana na la Kiingereza katika kila kamusi na bado likamrudisha mtu nyumbani mikono mitupu. Tangu Baraza la Kiswahili la Taifa lilipoundwa kwa sheria mwaka 1967, kazi ya kukuza istilahi imefanywa na wengi: wataalamu, walimu, watumishi na waandishi wa habari. Katika uchumi wa kijani hatuna budi kuwaongeza fundi wa majiko, mkulima wa mwani na mkusanyaji wa chupa, kwa sababu maneno mengi tunayoyatafuta wao wanayo.

Wasomaji wenye maneno yanayotumika katika sehemu zao kwa dhana zilizotajwa hapa, hasa kwa aina za mikopo, rehani na mabaki yanayorejelezwa, wanaombwa kuyaleta pamoja na mahali yanapotumika na mfano wa sentensi. Fomu niliyoitaja mwanzoni imekwisha kusahihishwa. Mahali palipoandikwa "dhamana" sasa pameandikwa: "Mwombaji alete hati za mali anayoiweka rehani." Sentensi hiyo si yangu; ni ya yule mama wa Pwani.